Paina, mtiki au mkonge: ubao gani kwa gari la mashindano la mtoto?

Wanangu wawili wametengeneza magari sita ya mbao tangu likizo ya Desemba. Mkubwa ni binti wa miaka 11, mdogo ni mvulana wa miaka 7. Si magari ya kukokota kwa kamba. Ni yale ya kuachiwa juu ya mteremko, yashuke yenyewe bila kusukumwa, la kwanza kufika chini ndilo limeshinda. Katika sita hayo, mawili yamekaa juu ya kabati hayaguswi, moja lilipasuka kabla halijapata magurudumu, na matatu yanachezewa mpaka leo. Nilipokaa kuyalinganisha niligundua kwamba tofauti haikuwa kwenye rangi wala umbo. Ubao tuliouchagua siku ya kwanza ndio ulioamua kazi ngapi zibaki mikononi mwa mtoto, na ngapi nizifanye mimi au fundi.

Sisi tunakaa Chumbageni, hapa Tanga, na Tanga ina bahati ambayo wengi wetu hatuiangalii. Juu kule Lushoto, msitu wa Shume unatoa paina. Ukishuka Muheza, shamba la miti la Longuza lina mitiki. Na mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta pwani hii mwaka 1893, bado unauona umepangwa mistari ukitoka mjini kwa barabara ya Segera. Kwa hiyo aina zote tatu zinapatikana bila kuagiza kitu. Mabaki ya paina na mtiki unayaomba kwa maseremala, mkonge unauomba kwa mtu mwenye shamba.

Vipimo kwanza

Vipimo tunavyofuata nyumbani vimetoka Marekani, kwenye mashindano ya skauti wadogo yaliyoanza mwaka 1953 huko Manhattan Beach, California. Baba mmoja aitwaye Don Murphy aliona mwanawe bado mdogo kwa yale mashindano ya magari makubwa ambayo mtoto hupanda ndani na kuteremka nalo kilimani. Akabuni gari dogo la kipande cha paina, misumari minne na magurudumu manne. Kanuni zilizozoeleka ni hizi: gari lisizidi inchi 7 kwa urefu (sentimita 17.8), lisizidi inchi 2¾ kwa upana pamoja na magurudumu (sentimita 7), na lisizidi aunsi 5 kwa uzito, yaani gramu 142 hivi. Kipande chenyewe kabla hakijakatwa kina upana wa inchi 1¾ na unene wa inchi 1¼.

Nimezishika kanuni hizo kwa sababu ya amani ya nyumba. Pasipo kikomo cha uzito, mmoja atafunga jiwe na mwenzake atafunga tofali, na jioni itaisha kwa kilio.

Sasa piga hesabu. Kipande cha vipimo hivyo kina sentimita za ujazo 250 na ushei. Kikiwa cha paina kavu, kitakuwa na gramu 110 hivi. Kikiwa cha mtiki, gramu 160 na zaidi. Yaani mtiki umeshavuka gramu 142 kabla hujafunga hata gurudumu moja, na mtoto atalazimika kuukwangua sana ndipo aingie kwenye kikomo. Mpingo ndio usiseme, kipande kama hicho kinakaribia gramu 300. Na bua la mkonge lililokauka, ukiliweka kiganjani unadhani umeshika kiberiti kitupu.

Paina

Kwa mtoto wa miaka 9 hadi 12 sijapata ubao wa kuushinda. Ni laini kiasi kwamba msumeno mdogo wenye meno ya karibu karibu unapita, na ni imara kiasi kwamba msumari ukiingia unakaa. Binti yangu alikata umbo la gari lake kwa mkono, dakika kama 40, akapumzika mara mbili. Hatuna jiriwa, kwa hiyo mimi nilikandamiza ubao kwenye benchi kwa mikono miwili na sikugusa msumeno.

Umbo alilichora kwanza kwenye karatasi ya daftari, akalikata kwa mkasi, akalibandika ubavuni mwa ubao kwa gundi, kisha akafuata mstari. Baada ya msumeno ikaja tupa, halafu msasa namba 80, 120, na mwisho 220. Kwenye ule wa mwisho alifumba macho akapitisha kidole gumba kuanzia pua ya gari hadi mkiani. Akasimama katikati. "Mama, hapa pamebaki kama ulimi wa paka." Akarudia pale pale mpaka paliporidhisha, na mimi sikuwa nimemwambia neno.

Paina ina aibu zake, nazo ni tatu za kuangalia dukani au karakana kabla hujaleta ubao nyumbani.

Ya kwanza ni vifundo. Kifundo kikiwa pale msumeno unapopita, mtoto atakwama na atadhani kosa ni lake. Geuza ubao pande zote nne, chagua kipande chenye nyuzi zilizonyooka.

Ya pili ni ubichi. Paina nyingi inauzwa haijakauka sawasawa, na kwa unyevu wa pwani yetu inachukua muda. Gari lililokatwa kwenye ubao mbichi linajipinda likikauka, ekseli (vile vyuma vinavyobeba magurudumu) zinatazama huku na kule, na mbio zimekwisha. Ubao mbichi ni mzito, ni wa baridi ukiushika, na vumbi la msasa linagandamana. Tafuta mabaki yaliyokaa ndani ya karakana kwa muda, si yale yaliyoshushwa jana kwenye lori.

Ya tatu ndiyo ninayoomba usiipuuze: mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, zile zenye rangi ya kijani zinazotumika kuezekea. Dawa inayotumika mara nyingi kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki. Ni nzuri darini, si nzuri mikononi na puani mwa mtoto anayepiga msasa. Usimpe hata kipande, hata kikiwa cha bure. Muulize fundi wazi, "Hii imetiwa dawa?" Akisitasita, iache.

Kuna kazi moja tu ya mashine kwenye paina, nayo mwachie fundi: kupasua baki la ubao wa inchi mbili kwa nne liwe na upana na unene unaotakiwa. Inachukua dakika mbili. Yaliyobaki yote mtoto anayaweza.

Mtiki

Mtiki ni mti mzuri, na mimi ndio nilioanza nao. Seremala mmoja alinipa baki lililotoka kwenye kitanda, limenyooka, lina mafuta yake ya asili, linanukia vizuri, na nikaona nimempatia mwanangu kitu cha maana. Alikuwa hajatimiza hata miaka 7. Alisukuma msumeno mchana mzima akapata mfereji wa nusu sentimita. Siku ya pili aliomba kwenda kucheza. Siku ya tatu nikalirudisha kwa seremala, nikaomba alikate na kulipiga randa. Likarudi linang'aa, mviringo safi, kama limetoka dukani. Mtoto akalishika, akaligeuza, akaniuliza, "Mama, hili ni gari la fundi?" Ndilo hilo lililopo juu ya kabati.

Gari la pili la mtiki nililijaribu na dada yake. Tulipigilia msumari karibu na ukingo bila kutoboa kwanza, na ubao ukafunguka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtiki mkavu unataka keekee: tundu kwanza, lenye wembamba kidogo kuliko msumari, ndipo msumari uingie kwa kusukumwa. Na ukitoboa upogo kwenye mti mgumu kama ule huwezi kuurekebisha msumari kwa kuusukuma kidogo kama unavyofanya kwenye paina.

Kuna pia suala la vumbi. Vumbi la mtiki linawasha ngozi ya baadhi ya watu, na la mvule ndio zaidi, linachoma pua na macho. Kama utautumia, piga msasa nje, upepo ukupe mgongo, na kitambaa kifunike pua ya mtoto na yako.

Kwa hiyo mtiki haufai? Unafaa kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, ambaye ameshakamilisha gari moja au mawili ya paina na anataka gari jembamba. Kwa kuwa mti ni mzito na imara, anaweza kulichonga likawa bapa kama rula na bado lisivunjike, na halihitaji kuongezwa uzito mwingi. Lililomalizika linapendeza kwa mafuta tu, bila rangi. Ila kwa mtoto mdogo, kila gari la mtiki nililoliona limetengenezwa na mtu mzima.

Mkonge

Mkonge ukishakomaa kabisa unachomoza bua refu katikati, linapanda hata mita 5 au 6, linatoa maua na vimiche, kisha mmea mzima unakufa. Bua hilo likikauka linabaki na ganda gumu nje na moyo mwepesi ndani, kama sifongo iliyokazana. Hilo ndilo ninalolizungumzia. Chagua lililokauka mpaka likawa rangi ya majani makavu, maana mkonge mbichi utomvu wake unawasha.

Mwanangu mdogo alilikata kwa kisu cha mboga. Nilimkatia kipande cha sentimita 17, nikakipasua katikati kwa urefu ili apate upande bapa wa chini, na kuanzia hapo gari likawa lake. Alichimba kiti cha dereva kwa kijiko. Alikosea upande mmoja, akageuza gari akaanza tena upande wa pili, na lile tundu la kwanza akalifanya buti. Muda wote huo alikuwa akizungumza na dereva wake.

Udhaifu wa mkonge ni kwamba haushiki msumari. Ukiupigilia leo, kesho umelegea, na gurudumu linayumba kama mlevi. Moyo wake pia unamomonyoka ukipigwa msasa kwa nguvu, kwa hiyo umbo la kina sana halitoki. Na wepesi wake unamaanisha utalazimika kuongeza uzito mwingi, pengine gramu 80 na kitu, ndipo gari likimbie sawasawa. Lakini kwa mtoto wa miaka 5 hadi 8, hakuna kingine kati ya hivi vitatu ambacho anaweza kukikata kwa mkono wake mwenyewe akamaliza siku hiyo hiyo.

Msumari au spoki

Hapa ndipo watu wanapokosea, maana wanachagua ekseli kana kwamba haihusiani na ubao. Paina na mtiki vinakwenda na msumari. Mkonge unakwenda na spoki ya baiskeli.

Msumari unaingia kwenye mwili wa gari, na gurudumu linazunguka peke yake juu ya msumari. Faida ni kwamba msuguano ni mdogo sana msumari ukiwa laini. Hasara ni kwamba msumari wa kawaida wa dukani si laini. Uangalie kwa karibu: chini ya kichwa kuna mikwaruzo ya mashine iliyoushika wakati wa kuutengeneza, na pembeni kuna kijimwinuko cha chuma unachoweza kukihisi kwa ukucha. Kila gurudumu likizunguka linapanda kijimwinuko hicho. Kiondoe kwa tupa ndogo, kisha uzungushe msumari ndani ya msasa laini, namba 400 na baadaye 600, mpaka ung'ae. Misumari minne ni kazi ya jioni moja, na ni kazi ambayo mtoto wa miaka 10 anaiweza akiwa amekaa barazani.

Tatizo la pili ni kuipanga misumari minne itazame sawa. Tumia keekee ukiwa nayo, au chora mstari kwa skwea na uanzishe tundu kwa msumari mwembamba. Kisha jaribu gari sakafuni: lisukume taratibu hatua tatu. Likipotoka zaidi ya vidole viwili, geuza misumari ya mbele kidogo kidogo kwa plaizi. Usiguse ya nyuma.

Spoki ni habari nyingine. Katika mji unaopenda baiskeli kama huu hukosi spoki iliyokatika. Mafundi baiskeli wa Ngamiani wanazo za kutupa, na wangu hajawahi kunidai kitu. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, imenyooka, na tayari ni laini. Unakata ile kona yenye kichwa, unalainisha ncha kwa tupa, maana ncha iliyokatwa kwa plaizi inachana mkono. Ile ncha yenye nyuzi uiache, kwa sababu nipeli yake, ile nati ndogo ya kukazia spoki, inaweza kufunga gurudumu kwa nje.

Kwenye mwili wa gari unabandika vipande viwili vya mrija mwembamba, ule wa juisi ya pakiti, kimoja mbele na kimoja nyuma. Spoki inapita ndani ya mrija na inazunguka pamoja na magurudumu yake yote mawili. Mkonge haubebi msumari, unabeba mrija uliogandishwa kwa gundi, na hiyo inadumu. Magurudumu mawili yaliyoshikana pia yanakwenda wima zaidi, hivyo mtoto mdogo hahangaiki na kunyoosha. Kasi inapungua kidogo, kwa sababu spoki inasuguana na mrija kwa urefu wote, na inatupwa huku na huku ndani yake.

Kabla ya kuitumia, bingirisha spoki juu ya kioo cha meza. Ikiruka ruka, imepinda, chukua nyingine.

Magurudumu

Vifuniko vya chupa za maji ndivyo ninavyovipenda. Ni vyepesi, vya mviringo kamili, na unahitaji vinne vya aina moja. Wepesi ni jambo kubwa hapa: gurudumu zito linakula nguvu kuzungushwa, na nguvu hiyo haibaki kulisogeza gari. Kazi ngumu ni kupata katikati. Baadhi ya vifuniko vina kidoa kidogo katikati kabisa kilichoachwa na kiwanda, tumia hicho. Kama hakipo, chora duara la kifuniko kwenye karatasi, likate, likunje mara nne, na mahali mikunjo inapokutana ndipo katikati. Tundu linatobolewa kwa msumari uliopashwa moto, na hiyo ni kazi ya mtu mzima.

Ndala ni gurudumu la wengi wetu tangu utotoni, na halijaacha kufaa, ila lifae kwa kazi yake. Gurudumu la soli ya ndala ni laini, linabonyea, na kila linapobonyea linapoteza kasi. Juu ya ubao wa mashindano litaachwa. Juu ya changarawe na mchanga wa uani litavishinda vifuniko, vinavyozama na kusimama. Kama hamna mteremko na mtoto atakokota gari kwa kamba, kata ndala.

Vipande vya mpini wa fagio vinapendeza kwa macho lakini kuvikata vinne vyenye unene sawa kwa msumeno wa mkono ni vigumu hata kwangu. Vizibo vya soda viacheni, vina meno yanayokata vidole na vinatetemesha gari zima.

Kuongeza uzito

Tuseme kimo cha kuanzia ni mita 1.2, karibu na futi 4. Kutoka hapo hakuna gari litakalofika chini kwa zaidi ya mita 4.9 kwa sekunde, liwe zito au jepesi, hata kama hakuna msuguano wowote. Kinachotofautisha ni kile kinachopotea njiani kwa ekseli, kwa upepo na kwa kuzungusha magurudumu. Gari zito linapoteza sehemu ndogo zaidi ya lilichonacho, ndiyo maana kila mmoja anataka kukaribia gramu 142 bila kuzivuka.

Weka uzito nyuma. Gari likiwa juu ya mteremko, nyuma yake iko juu kuliko mbele, kwa hiyo uzito uliokaa nyuma una safari ndefu zaidi ya kushuka. Lengo zuri ni gari lisimame sawa juu ya kidole kama sentimita 2.5 mbele ya ekseli ya nyuma. Ukizidisha, pua inakuwa nyepesi na gari linaanza kuyumba.

Jirani yangu mvuvi alitupa chubwi za risasi za mshipi, na kwa kweli ni kitu kizito kilichojikunja mahali padogo. Nilizirudisha. Madini ya risasi ni sumu kwa mtoto, na hawa wanatia vidole mdomoni. Tunatumia nati na washa za chuma, zilizobandikwa ndani ya shimo chini ya gari.

Mizani hatuna. Tulichukua henga ya nguo, tukaining'iniza kwenye msumari wa mlango, tukafunga mifuko miwili ya nailoni inayolingana kila upande. Mfuko mmoja unabeba gari, mwingine unabeba maji yaliyopimwa kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano. Mililita 1 ya maji ni gramu 1, kwa hiyo mabomba 14 ya mililita 10 na mililita 2 za mwisho ni gramu 142. Mwanangu wa miaka 7 ndiye mhesabuji, na hakubali kusaidiwa.

Mafuta, rangi, na mahali pa kukimbilia

Msiweke mafuta ya kupikia wala grisi. Vumbi letu linaingia humo, linakuwa uji, na gurudumu linaganda baada ya mbio tatu. Kwa msumari, kwaruza ncha ya penseli nyeusi laini juu ya msasa, upate unga wa grafaiti, uutie kwenye tundu la gurudumu. Kwa mrija na spoki hiyo hiyo inatosha.

Rangi yoyote waliyonayo. Ipakwe kabla ya ekseli kuwekwa, isiingie kwenye matundu.

Mteremko wetu ni plaiwudi ya futi 8 iliyolazwa juu ya benchi, ikashuka sebuleni, na mistari ya gundi ya karatasi inayogawa njia. Mlango uliong'olewa unafanya kazi ile ile. Muhimu ni pale chini pasiwe na kizingiti, vinginevyo magari yanapiga pua na ekseli za mbele zinapinda.

Basi uchague nini

Kama mtoto hajafika miaka 9, chukua bua la mkonge, spoki mbili, mrija wa juisi na vifuniko vinne. Kama yupo kati ya 9 na 12, chukua paina kavu isiyotiwa dawa, misumari minne na vifuniko vile vile, na tenga siku tatu, si moja. Kama una mkubwa na mdogo pamoja, kama mimi, usiwape ubao mmoja kwa kuogopa kuonekana unapendelea. Mpe kila mmoja ubao anaouweza, halafu walinganishe uzito kwenye henga. Gari la mkonge lililojazwa nati mpaka gramu 142 limeshalishinda la paina nyumbani kwetu mara nne, kwa sababu binti alikuwa na haraka na misumari yake hakuipiga msasa. Alipoona hivyo aliling'oa gurudumu moja moja na kuanza upya.

Kama una kijana mkubwa anayekuomba mtiki, muulize kwanza lilipo gari lake la paina. Akilileta na linanyooka hatua tatu bila kupotoka, mpelekeni kwa seremala, na akae pembeni ya fundi atoboe matundu kwa mkono wake mwenyewe.